Mashine Iliyopakwa Mafuta

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu yeyote pale karakanani Clairwood, mjini Durban, Baudouin aliisalimu mashine yake. Aliitoa kwenye sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa safi, akaigeuza kichwa chini, kisha akatia matone machache ya mafuta kwenye tundu linapochomekwa bomba la hewa. Alitia taratibu, kama mtu anayemtilia mtoto dawa ya sikio, huku akiisemesha. Waliopita walidhani anaongea na simu.

Ilikuwa bastola ya misumari, ile inayosukumwa na upepo wa kompresa na kupiga misumari myembamba ambayo ikishazama kwenye mbao huioni tena. Mwenyewe aliiita pistole, kwa Kifaransa alichokuja nacho kutoka Uvira, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Fundi mwenzake mmoja aliwahi kuishika tu, kuipima uzito mkononi, akakaripiwa mpaka akaenda zake kunywa maji. Maana Baudouin, tuseme ukweli mapema, alikuwa mtu wa kelele. Moyo wake ulikuwa mweupe, lakini kila kilichoingia humo kilitokea mdomoni palepale, na kwa sauti ya juu. Mkewe Henriette alikuwa amezoea. Alimwacha apige kelele zake hadi ziishe, ndipo akamwambia la maana.

Useremala aliufundishwa na baba yake mdogo kule Uvira, kwa nyundo na randa. Vita vilipowafukuza, yeye na Henriette walipita kambini Tanzania, wakapita Zambia, wakapita nchi nyingine ambazo Baudouin hakupenda kuzitaja, mpaka wakafika Durban na mtoto mgongoni. Mji huu haukumuuliza anajua kazi gani. Ulimvisha fulana ya rangi ya machungwa na kumpa magari ya kulinda kando ya ufuko, na huko alisimama juani miaka mingi akiwaonyesha watu namna ya kurudi nyuma. Siku moja mzee mmoja Mhindi alikuja na meza nyuma ya gari lake, mguu wa meza ukiwa umelegea. Baudouin alishindwa kuvumilia. Aliurekebisha palepale kwa kipande cha kijiti, huku akimgombeza mzee wa watu kwa kuibeba meza vibaya. Mzee yule, ambaye kila mtu alimwita Uncle Pillay, alikuwa na karakana ya makabati ya jikoni Clairwood. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kama anaweza kufika kazini Jumatatu.

Uncle Pillay ndiye aliyemfundisha pistole. Alimfundisha kuitoa pumzi kwanza, yaani kuchomoa bomba la hewa kabla ya kuifungua hata skrubu moja. Alimfundisha kusikiliza. Mashine nzima, alisema, ni hewa tu iliyofungiwa mahali, na hewa iliyofungiwa hutafuta pa kutokea. Zaidi ya yote alimfundisha kuogopa maji, kwa sababu hewa ya Durban ina unyevu kuanzia Oktoba hadi Aprili, na kompresa ikiinywa hewa hiyo siku nzima, jioni tangi lake linakuwa na maji ya kuoshea vikombe. Usipofungua kizibo cha chini na kuyamwaga, yanapanda kwenye bomba na kuingia ndani ya bastola, nayo inaanza kukohoa. Mzee alipochoka na kuhamia kwa bintiye Chatsworth, alimwachia Baudouin kompresa, pistole na kona ya karakana iliyopakana na yadi ya malori. Baudouin alilia siku ile, tena kwa sauti, madereva wa malori wakashuka kuuliza kuna nini.

Sasa yule mtoto wa mgongoni, Marie-Claire, alikuwa anaolewa.

Ili kuelewa kilichomkaa baba yake rohoni, ni lazima kuijua ile fleti ya Albert Park ambamo Marie-Claire alikulia. Ilikuwa ghorofani, dirisha linatazama bustani, na ndani yake ziliishi familia kadhaa, kila moja nyuma ya pazia lake. Upande wa Baudouin kulikuwa na kitanda, jiko dogo, na begi la nailoni lenye miraba, lile ambalo kila mkimbizi analijua. Nguo za Marie-Claire zililala humo tangu alipokuwa anavaa za kitoto. Alikwenda shule na sare yenye mikunjo ya begi, akaanza kazi saluni na sketi yenye mikunjo ya begi. Baadaye familia ilipata chumba chao wenyewe, lakini kabati hapakuwa na pa kuliweka. Seremala aliyejaza makabati kwenye nyumba za watu kuanzia Umbilo hadi Bluff hakuwahi kumpa binti yake hata droo moja. Jambo hilo lilimuuma, na lilimuuma kimya, na kwa Baudouin kitu cha kimya kilikuwa kitu kizito kweli.

Kwa hiyo kwenye kikao cha harusi alisimama na kutangaza. Kwao, kabla ya siku ya kanisani, watu wa bibi arusi hupeleka vyombo kwenye nyumba mpya. Wanawake hujitwika masufuria, huimba njia nzima, na msemaji wa familia hutaja kitu kimoja kimoja mbele ya wakwe. Baudouin alisema kati ya vyombo hivyo kutakuwa na kabati, la mkono wake, la mbao zenyewe, lenye milango na droo na fimbo ya kutundikia magauni. Si lile la dukani la unga wa mbao ulioshindiliwa, ambalo likisikia tu harufu ya mvua linavimba. Watu walipiga makofi. Siku ya vyombo ilikuwa Jumamosi, na baada ya kuliahidi mbele ya wakwe, kulikosa ingekuwa aibu ya kumfuata Marie-Claire ndani ya ndoa.

Mvua ilinyesha Durban mwisho wote wa juma lililotangulia. Baudouin, katika pilika za kukodi viti na kugombana na mpishi, alisahau kumwaga maji ya tangi. Jumatatu pistole ilikohoa. Ilitoa ukungu mweupe kupitia mdomo wa kutolea hewa na msumari ukaingia nusu, kichwa kikabaki nje kama mtu aliyekwama dirishani. Jioni hiyo kulikuwa na kikao kingine kifupi, naye akalalamika mbele ya watu wote kwamba mashine yake inaumwa na hajui kama itafika Jumamosi. Alikuwa anajua vizuri sana ugonjwa ulikuwa nini na dawa yake. Alitaka tu kuhurumiwa kidogo, na nani hapendi.

Aliyemhurumia zaidi alikuwa Mama Israël.

Huyu alikuwa mama wa bwana arusi, mwanamke mrefu, mpole, kiongozi wa waombezi kanisani kwao. Alikuwa amewaombea wagonjwa, wanafunzi, watu wanaosubiri makaratasi ya ukimbizi, hata lori la mwanawe Israël, aliyekuwa dereva wa makontena bandarini. Kwenye mkoba wake hakukosa chupa ndogo ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa, na mafuta hayo yalikuwa yamegusa vipaji vya nyuso vingi kuliko kofia. Jumanne mchana alimletea Baudouin sombe, yaani kisamvu, na bugali, kama mkwe mwema. Akakuta karakana iko wazi na hakuna mtu, Baudouin ameingia yadi ya jirani kuchagua mbao. Kompresa ilikuwa imezimwa. Mashine ilikuwa juu ya meza, imechomolewa bomba, tundu lake limetazama juu. Alikwisha kumwona Baudouin mara nyingi akitia mafuta mle asubuhi. Aliweka chakula chini, akainua mkono mmoja, akaomba kwa imani yake yote, na kwa mkono wa pili akamimina.

Baudouin aliporudi walikula na kuzungumza habari za viti. Hakuambiwa kitu, na wala haikuwa siri. Mama Israël hakuona kama alifanya jambo la kutangazwa. Baada ya chakula Baudouin alikwenda kufungua kizibo cha tangi, maji yakatoka kama bomba la bustani, akaunganisha pistole na kujaribu. Ilitema mafuta mengi, mengine yakamrukia kifuani na mengine kwenye mlango wa kabati uliosimamishwa pembeni. Alijilaumu kwamba asubuhi alizidisha, akafuta mlango kwa kitambaa, akaendelea. Na pistole ikapiga. Ilipiga vizuri kuliko ilivyowahi kupiga, laini, haraka, misumari ikizama kama inaitwa ndani. Jioni alirudi nyumbani anaimba.

Jumatano usiku kanisani Mama Israël alitoa ushuhuda kwamba Mungu amegusa hata chuma, mashine ya mkwe wake ilikuwa inaumwa na sasa imepona. Kanisa lilishangilia. Baudouin, aliyekuwa amechoka na mbao, alisinzia kwenye benchi la nyuma na kuusikia ushuhuda huo nusunusu. Aliitikia amina pamoja na wengine.

Alhamisi asubuhi pistole haikupiga.

Yaani ilipiga, lakini bila moyo. Msumari wa kwanza ulisimama nusu nje. Wa pili ulipinda. Baadaye ule ulimi wa chuma unaousukuma msumari ulishuka na kukataa kurudi juu, ukabaki umetokeza puani mwa mashine. Baudouin aliichomoa bomba, akaanza kuitafuta shida kama alivyofundishwa. Alitazama geji ya kompresa, presha ilikuwa sawa. Alifungua kizibo cha tangi, halikutoa hata tone. Alipaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote vya bomba na kutazama kama kuna povu, hakuna povu. Alitoa misumari, akaihakikisha kama ni ya kipimo chake, akasafisha njia inamopita, akaondoa ule uliopinda kwa koleo. Aliunganisha tena. Mashine ilitoa sauti ya mzee anayenyanyuka kitini, kisha kimya.

Palepale alijua wa kumlaumu. Jirani yake alikuwa fundi wa malori aitwaye Goodluck, Mtanzania kutoka Mbeya, kijana mtaratibu ambaye mara mojamoja aliazima hewa ya kompresa kwa ajili ya matairi. Baudouin alivuka ua akiwa ameshika pistole kama ushahidi na kumweleza Goodluck, mbele ya madereva, kwamba ameitumia mashine yake kwa siri na kuitia mafuta ya gia. Goodluck alimwacha amalize. Kisha akaomba aione, na kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana ile Baudouin aliitoa mkononi mwake.

Waliifungua pamoja juu ya gunia safi. Zilipotoka skrubu za kichwani na kifuniko kuinuliwa, ndani mlikuwa na uji wa rangi ya kahawia, vumbi la mbao limeshikana na mafuta na kuganda kwenye silinda. Ile pete ya mpira inayozunguka pistoni, oringi kama mafundi wanavyoiita, ilikuwa imevimba na kulainika, ndiyo maana pistoni ilikwama. Goodluck alichovya kidole, akanusa.

"Mzee, haya siyo ya gari," alisema. "Haya ni ya saladi."

Baudouin naye alinusa. Hakusikia saladi. Alisikia harufu ya maombi ya Ijumaa jioni kanisani, ya mkono wa joto juu ya paji la uso na watu wamefumba macho. Ushuhuda wote wa Jumatano, ule alioupokea nusunusu, ukamrudia mzimamzima.

Akatoka nje barabarani. Lori la kontena lilikuwa linapita kuelekea bandarini, kubwa kama nyumba, na Baudouin alisimama kando yake akalifokea kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa kile Kizulu chake kidogo, mpaka likatokomea. Dereva hakusikia kitu. Baudouin aliporudi uso wake ulikuwa umepoa kidogo. Alimwomba Goodluck msamaha, na kwa kuwa msamaha wake pia ulikuwa wa sauti kubwa, madereva wote waliusikia.

Kumfokea Goodluck lilikuwa jambo moja. Lakini mama mkwe wa binti yako humfokei. Kwao Uvira neno moja baya kati ya wakwe linaweza kuishi kuliko wenye ndoa wenyewe, na Marie-Claire ndiye angekwenda kukaa nalo. Jioni alimweleza Henriette kila kitu, akizunguka chumbani kama feni. Henriette aliendelea kukunja vitenge vya siku ya vyombo mpaka mumewe akaishiwa pumzi, ndipo akamwambia kwamba Mama Israël atakuja karakana kesho na chakula, kama kawaida yake, na kwamba yeye Baudouin asiseme kitu, ila asifiche kitu pia. Baudouin aliuliza mtu anawezaje kufanya yote mawili. Henriette akasema ajaribu kufunga mdomo na kufungua mashine, kwa mpangilio huohuo.

Ijumaa asubuhi lilitokea jingine. Alipopitisha kitambaa chenye maji kwenye milango ili aipige msasa wa mwisho kabla ya vanishi, mlango mmoja uliyakataa maji. Yalikusanyika shanga shanga juu ya mbao nyeupe. Ni pale pistole ilipotema siku ya Jumanne. Mafuta yalikuwa yameingia, na vanishi haishiki juu ya mafuta. Baudouin alikaa chini juu ya kigoda. Kabati lilikuwa mbele yake bila urembo wa juu, bila mgongo, sakafu yake imewekwa tu bila kupigiliwa, na mlango mmoja una madoa. Kwa nyundo angeweza kumaliza, ndiyo, lakini nyundo huacha alama, na ile mbao nyembamba ya urembo ingepasuka. Aliona Jumamosi inakuja na vyombo vyote, masufuria na mashuka, na msemaji akifika mahali pa kabati anakohoa na kupita.

Hapo ndipo Mama Israël alipoingia na sufuria yake, akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Baudouin alifunga mdomo. Akamvutia kiti. Akavuta gunia lenye vipande vya mashine na kuanza kuvisafisha kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, akimweleza kila kimoja kazi yake kwa sauti ya chini ambayo hakujua kama anayo. Huu ni ulimi. Hii ni pistoni. Hapa hewa inaingia, pale inatokea. Mpira huu ndio unaoizuia hewa isipite pembeni, na hauyataki mafuta yoyote isipokuwa yale mepesi ya mashine, na hayo yenyewe matone tu. Mama Israël alisikiliza kwa makini kama anavyosikiliza watu wanaoleta haja zao. Halafu aliichukua ile oringi iliyovimba, akainusa, na mkono wake ukabaki hewani.

"Papa Marie-Claire," alisema, "ni miye."

Baudouin aliendelea kupiga mswaki.

"Nilionaka unatiaka mafuta kila asubuhi. Nikafikiri yangu iko na nguvu zaidi."

"Iko na nguvu, Mama. Iko na nguvu kupita. Angalia vile imevimbisha mupira."

Mama Israël alifunika mdomo kwa kitenge. Baudouin alidhani analia, akaogopa sana, akaanza kujitafutia maneno ya kumbembeleza. Mabega ya mama huyo yalikuwa yanatikisika. Lakini alipoondoa kitenge ilionekana anacheka, kicheko cha aibu kinachomtoa mtu machozi, na Baudouin, ambaye alikuwa amejizuia tangu jana, alipasuka naye. Walicheka mpaka Goodluck akachungulia kuona kama ni wazima. Ndipo Mama Israël akakumbuka jambo na kukunja uso.

"Na ushuhuda nilishatoa, mbele ya kanisa."

"Ushuhuda ni wa kweli," Baudouin akamwambia. "Imetangulia tu. Mashine itapona leo."

Mama Israël alivua pete zake za vidole, akajifunga kitenge kiunoni, akataka mswaki. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko vya Baudouin na vilifika hadi chini kabisa ya silinda. Alisugua kama anasugua sufuria iliyoungua, akifuta, akitazama mwangani, akisugua tena. Goodluck alileta kisanduku chake cha oringi, wakazijaribu moja baada ya nyingine mpaka wakapata iliyokaa, wala haikulegea wala haikubana. Baudouin aliipaka grisi nyembamba kwa ncha ya kidole. Walikausha kila kipande, wakakirudisha mahali pake, wakakaza skrubu kwa kupishanisha pembe, huku kidogo na kule kidogo, ili kifuniko kisikae upande. Bomba likaunganishwa. Wote watatu waliinamisha vichwa kusikiliza kama kuna hewa inayopumua mahali. Hakuna. Baudouin aliibana mashine kwenye kipande cha mbao chakavu, akavuta kifyatulio, na msumari ukazama wote, kidogo tu chini ya uso wa mbao, panapotakiwa.

Mama Israël alipiga vigelegele. Madereva wa yadi ya malori wakapiga honi bila kujua ni kwa nini.

Baudouin alifurahi hata akafanya jambo ambalo Henriette alikataa kuliamini mpaka Goodluck alipoapa. Alimpa Mama Israël pistole mkononi. Alimsimamia nyuma, akamwonyesha namna ya kuigandamiza pua yake kwanza ndipo avute, na misumari ya sakafu ya kabati, yote ya upande wa kushoto, ikapigwa na mama wa bwana arusi. Wa kwanza alifumba macho. Kufikia katikati alikuwa anaimba. Mlango wenye madoa waliusugua kwa thina na msasa mpaka vanishi ikakubali. Kivuli kidogo kilichobaki kwenye mbao, Baudouin alitaka kukikata na kutupa paneli nzima. Mama Israël alimzuia. Basi wakaigeuza paneli, kivuli kikatazama ndani.

Jumamosi kabati lilikwenda Umbilo juu ya pikapu, Goodluck amesimama nyuma akilishikilia, na wanawake wakifuata kwa miguu na masufuria kichwani kutoka kona ya mwisho, kwa kuwa kutoka Albert Park kote kungewaua. Nyumba ya wanandoa ilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu. Msemaji alianza kutaja vyombo. Sasa desturi ni kwamba siku hiyo baba wa bibi arusi hasemi. Husimama tu, mikono mbele, wengine wakimsemea. Kwa watu wengi hiyo ni heshima. Kwa Baudouin ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba kabati lenyewe, na Henriette alikuwa amesimama karibu naye ili amkanyage mguu inapobidi.

Kabati lilitajwa. Watu waliguna kwa kulisifu, wengine wakafungua na kufunga droo. Mama Israël alisimama kando yake kwa fahari, kama mtu aliyelizaa. Ikabaki Marie-Claire aweke ndani nguo ya kwanza, kitenge ambacho shangazi alikuwa amekikunja tayari. Marie-Claire alikipokea. Alifungua mlango, akatazama ndani muda mrefu, kisha akamrudishia shangazi kitenge. Aliinua pindo la gauni lake, akavua viatu, akaingia kabatini mzimamzima, akakaa sakafuni, akavuta mlango.

Shangazi aliuliza huyu mtoto anaumwa nini. Israël, bwana arusi, alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama Baudouin. Baudouin hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anasikiliza. Wiki nzima masikio yake yalikuwa kazini, na sasa alisikiliza sakafu ile chini ya uzito wa binti yake, kama italia, kama kuna msumari utakaoachia. Hakukuwa na mlio wowote. Kisha sauti ya Marie-Claire ikatoka ndani, imefunikwa na mbao.

"Mu ile nyumba ya mapazia tulikuwa tunachezaka kujificha," alisema. "Miye kila mara nilikamatwa wa kwanza. Miguu ilikuwa inaonekana chini ya pazia." Akaongeza: "Sasa munitafute."

Watu walianza kucheka, halafu baadhi ya wanawake, wale waliolea watoto nyuma ya mapazia hayohayo, wakaacha kucheka na kujifuta macho. Henriette alikuwa mmoja wao, ndiyo maana alisahau kumkanyaga mumewe mguu. Baudouin alivuka chumba. Aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa kabati, akafunika macho kwa viganja vyake vyenye harufu ya vanishi, na kwa sauti yake yote, ileile iliyokatazwa siku hiyo, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mama Israël akaingia, Goodluck akaingia, na kufikia tano nyumba nzima ilikuwa inahesabu naye. Walipofika kumi wote walisimama na kumngojea afungue. Baudouin hakufungua. Alivuta pumzi, akaendelea na kumi na moja.